Kulala Carrollton, Kupigia Kura Alief

Ninyi mliojiandikisha kuwa makarani wa uchaguzi, nianze na sweta. Ukumbi wa shule ya Texas una baridi ya chumba cha kuhifadhia nyama, hata kama nje lami inayeyuka. Utaingia kabla ya saa moja asubuhi, utatoka baada ya saa moja jioni, na katikati hapo hakuna kwenda nyumbani. Chukua sweta. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea. Fungasha chakula kisichonuka. Mwaka wangu wa kwanza nilibeba wali na papa mkavu wa nazi, na nilipofungua bakuli foleni nzima iligeuka. Mzee mmoja aliniuliza kama ni lazima upige kura kwanza ndipo ule.

Nilifanya kazi hiyo Alief, kusini-magharibi mwa Houston, tangu katikati ya miaka ya tisini hadi mwishoni mwa muongo uliofuata, kwanza karani, baadaye msimamizi wa kituo. Haikuwa ajira ya kila siku. Siku za kawaida niliendesha gari la kuwapeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu. Lakini kazi niliyoisomea, kwa maana ya kukaa na kitabu na kamusi mezani, ni hii ya uchaguzi. Nilisoma sheria ya uchaguzi ya Texas katika maktaba ya mtaa, sura kwa sura, kwa sababu jioni zangu zilikuwa ndefu na nyumbani hapakuwa na mtu.

Ili tuelewane: Texas nitaiita jimbo. Bunge lake la chini lina wilaya nyingi, na kila wilaya huchagua mbunge wake kila baada ya miaka miwili. Wilaya hiyo usiitafute kwenye vibao vya barabarani. Ni mstari kwenye ramani, na huchorwa upya baada ya kila sensa. Baada ya sensa ya mwaka elfu mbili, mstari wetu ulihamia katikati ya barabara iliyo mbele ya fleti zangu. Duka la Mnigeria nililonunulia unga lilibaki upande wa pili, kwa mbunge mwingine. Mwenye duka aliniuliza kama sasa anipe bei ya wageni.

Aliyenitia katika kazi hii ni mwanamama aliyeitwa Miss Odessa, dereva mstaafu wa basi la shule, Mmarekani mweusi aliyezaliwa na kukulia Houston. Nilipopiga kura kwa mara ya kwanza, baada ya kula kiapo cha uraia, nilimsimamisha mezani kwake kwa maswali. Kwa nini kadi ya kura inatobolewa hapa? Kipande kinachodondoka kinakwenda wapi? Kisipodondoka chote je? Alinisikiliza, kisha akasema, "Baba, unazuia foleni. Uchaguzi ujao njoo upande huu wa meza, utauliza ukiwa umekaa."

Alinifundisha mambo ambayo hayamo kwenye mafunzo ya kaunti, serikali ya eneo inayoendesha uchaguzi. Mtu akija, mtazame usoni kabla ya kutazama kitambulisho chake. Jina lake likikushinda, muulize yeye namna ya kulitamka, usilitafune. Mtu akiwa ndani ya kibanda cha kura, hata akiita kwa sauti, simama upande, macho yako yabaki sakafuni. Na usimwambie mpiga kura kuwa hayumo katika orodha mpaka umemuuliza swali moja: unalala wapi?

"Sikuulizi anwani," alikuwa akisema. "Anwani watu huisema kwa mazoea. Muulize analala wapi."

Tulikuwa na mambo ya kuchekesha pia. Ndani ya futi mia kutoka mlangoni hairuhusiwi kampeni ya aina yoyote, hata fulana. Siku moja mama mmoja wa Kitanzania aliingia amejifunga kanga ya chama cha siasa cha nyumbani, yenye picha ya mgombea kubwa kama sinia. Miss Odessa alinivuta kando. "Yule mtu wa kwenye nguo anagombea nini?"

"Hagombei kitu hapa. Ni wa kwetu."

"Una hakika?"

"Miss Odessa, huyo alishashinda zamani."

Akafikiri. "Haya, apite. Lakini asikae mahali ambapo yule wa kwenye nguo atakuwa ananitazama."

Vijana hamtaikuta kadi ya kutoboa. Ilipoondoka ikaja mashine yenye gurudumu dogo la kuzungusha kwa vidole. Watu waliipenda, lakini ilikuwa na mtego. Ukichagua chama kizima kwa mkupuo mmoja, majina yote ya chama hicho yalipata alama. Ukiona jina la mgombea unayempenda zaidi, ukalibonyeza tena ili kutilia mkazo, ulikuwa unaiondoa ile alama. Mtu alimnyima kura yule yule aliyetoka nyumbani kwa ajili yake. Nilichokifanya ni kumwambia kila mmoja, kabla hajaingia, asome ukurasa wa mwisho kabla ya kubonyeza kitufe chekundu. Mashine zitabadilika tena mkiwa kazini. Ukurasa wa mwisho hautakosekana.

Sasa niwaeleze jambo ambalo mtakutana nalo ninyi zaidi kuliko karani mwingine yeyote, kwa sababu ni la watu wetu.

Fleti yangu ya Alief ilikuwa mahali pa kutua. Aliyetoka uwanja wa ndege akitokea Tanga, Mombasa au Unguja alifikia kwenye kochi langu, na leseni yake ya kwanza ya udereva ikabeba anwani yangu. Mdogo wangu Salum alifikia hapo. Mkewe Mwanaidi alimfuata hapo hapo. Hemedi, tuliyekua naye mtaa mmoja Tanga, alilala sebuleni kwangu mpaka kochi likachukua umbo lake. Kisha kazi zikawavuta kaskazini. Mwanaidi alipata kazi ya uuguzi, Salum akaingia kwenye kompyuta, Hemedi akapata lori, na wote watatu wakahamia Carrollton, pembeni ya Dallas, mwendo wa saa nne na ushee kwa barabara kuu.

Walipopata uraia walijiandikisha kupiga kura kwa anwani iliyokuwa kwenye leseni. Yaani kwangu. Wala hawakuona ajabu. Sisi tumelelewa katika desturi ya mtu kwenda nyumbani kupiga kura. Unaweza kuishi mji mkuu miaka ishirini, siku ya uchaguzi unapanda basi kurudi ulikoandikishwa, unasalimia, unapiga kura, unakula, unarudi. Basi kila mwaka wa uchaguzi, Jumamosi ya kura ya mapema, inayopigwa kabla ya siku yenyewe, gari la Salum liliingia uwanjani kwetu likiwa limejaa. Walipigia kura kwenye kituo cha mapema, mimi nikiwa kazini kituo kingine, na niliporudi jioni nilikuta viatu mlangoni.

Viatu hivyo ndivyo ninavyovikumbuka. Miaka hiyo mke wangu alikuwa amerudi Tanga kumuuguza mama yake, na baada ya mama kufariki hakutaka tena kuja. Kazi ya gari nilifanya na watu wagonjwa waliochoka kuongea. Kazi ya uchaguzi inakupitishia mtaa mzima mbele ya meza, unataja jina la kila mmoja, unamwambia ahsante, na hakuna hata mmoja atakayekujua ukikutana naye sokoni. Mwisho wa juma ule mmoja, kila baada ya miaka miwili, nyumba yangu ilijaa. Hemedi alikoroma. Mwanaidi alinisuta kwa ajili ya jiko. Jumapili mchana waliondoka, nami nikaosha sufuria kubwa na kuirudisha juu ya kabati.

Walikuwa wakija na wakati mwingine? Walikuwa wakisema watakuja.

Mwaka mmoja mbio za ubunge wa wilaya yetu zilikuwa za karibu sana. Kura zilihesabiwa upya. Aliyeshindwa aliajiri wanasheria, na ikasemekana wataanza kukagua anwani za waliopiga kura, nyumba kwa nyumba. Mwishowe alikubali matokeo na hakuna aliyegonga mlango wangu. Lakini nilikwenda kwa Miss Odessa, aliyekuwa ameacha kazi ya kituo kwa sababu ya magoti, nikamweleza habari za watu wangu.

"Wanalala wapi?" akauliza.

"Carrollton."

"Wana nia ya kurudi?"

Nilijua kwa nini anauliza. Sheria ya Texas inasema makazi ya mtu ni nyumbani kwake, pale anapokusudia kurudi baada ya kuondoka kwa muda. Mwanafunzi aliye chuoni, askari, dereva wa lori, wote wanaweza kulala kwingine na bado wakawa wa hapa, ikiwa kweli wana nia ya kurudi. Nilikuwa nimekisoma kifungu hicho mara nyingi.

"Sijawauliza," nikasema.

"Kwa nini?"

Alinitazama kama alivyowatazama wapiga kura, usoni kwanza. "Waulize, Athumani. Jibu ni lao, si lako wala langu."

Mwaka wa uchaguzi uliofuata, mwezi Septemba, nikapiga simu Carrollton, nikawaomba waje mapema. Orodha hufungwa siku thelathini kabla ya uchaguzi, na sikutaka jambo hili lisemwe kwa simu. Sikuwahi kuwaomba waje kabla ya hapo. Wakadhani naumwa.

Mwanaidi aliingia na kipimo cha presha. Alinifunga mkono kabla hajavua viatu. "Nyamaza, Shemeji, usiongee." Mpira ukajaa, ukatoa pumzi. "Iko sawa. Sukari je? Umepima sukari?"

"Siumwi, Mwanaidi."

"Nimeacha lodi ya lori Oklahoma kwa ajili yako," Hemedi akasema, akijitupa kwenye kochi lake. "Kama huumwi, walau jifanye."

Nikawawekea chai, nikawaeleza. Niliwaambia kuwa mtu aliyehama kaunti hapigi tena kura kule alikotoka. Akisahau kujiandikisha upya, wakati wa kura ya mapema huenda akapewa karatasi pungufu huko aliko, yenye gavana lakini isiyo na mbunge wa wilaya. Niliwaambia kuwa kuandika anwani isiyo yako ni kosa la jinai, na kwa mwenye leseni ya uuguzi linaweza kumharibia kazi. Kisha nikawaambia habari ya nia.

Salum akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa kutokea. "Basi tatizo liko wapi, Kaka? Nia ninayo. Hapa ndipo kwetu. Carrollton ni kazi tu."

"Na nyumba mliyonunua?" Hemedi akamuuliza.

"Nyumba ni ukuta."

"Ukuta wenye gereji ya magari mawili. Na ile bustani yako ya mchicha, uliyonizuia nisipaki lori karibu?"

"Wewe nyamaza, wewe nia yako iko wapi?"

"Mimi? Mimi nina nia ya kurudi Tanga. Kaka Athumani, nipigie kura Tanga."

Tulicheka. Mwanaidi hakucheka. Alikuwa anaukunja ule mpira wa kipimo, polepole.

Nitawaambia hali yangu ilivyokuwa, kwa sababu na ninyi siku moja mtakaa mezani na mtu mnayempenda. Nilitaka Salum ashinde hoja ile. Kama anasema atarudi, basi kifungu kinamlinda, wataendelea kuja, na sufuria itashuka kutoka kabatini. Nilikuwa tayari kulikubali neno lake. Ningeweza kulala nalo.

Ikawa adhuhuri. Tukatandika mikeka sebuleni, tukasogeza meza. Miaka yote ile hatukuwahi kusali pamoja swala ya mchana, maana siku zao za kuja mimi nilikuwa kituoni. Salum ana sauti nzuri na amehifadhi zaidi yetu, nikamsukuma mbele aongoze.

Adhuhuri ina rakaa nne. Msafiri aliye mbali na kwao ameruhusiwa kuipunguza, akasali mbili. Aliyeko nyumbani kwake husali nne kamili, na msafiri akimwongoza mwenyeji, husimama kwenye mbili, akatoa salamu, mwenyeji akainuka kukamilisha zake.

Tulisali mbili. Salum akakaa, akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. Kisha, bila kugeuka, kama inavyosemwa siku zote, akasema, "Kaka, timiza swala yako. Sisi ni wasafiri."

Nikainuka. Hemedi na Mwanaidi walikuwa wameketi, wamemaliza. Nilisali rakaa ya tatu na ya nne peke yangu, katika chumba chenye watu wanne, nikazisali taratibu, kwa sababu nilijua nikitoa salamu kutakuwa na mazungumzo.

Nilipomaliza, Mwanaidi ndiye aliyeanza. "Salum, umemwambiaje Kaka?"

"Nimemwambia nini?"

"Rudia ulichomwambia."

Salum akatazama mkeka. Hemedi alisimama akaenda jikoni kutafuta maji, nasi tukalisikia friji likifunguliwa na kufungwa.

"Nyumba hii ni yenu," nikasema. "Hilo halina daftari."

"Najua, Kaka."

"Lakini nimekuuliza kwa sheria."

"Najua." Akasugua uso kwa viganja. "Hatutarudi, Kaka. Watoto wapo shule kule. Mwanaidi kazi yake iko kule." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Fomu za Dallas unazo?"

"Ni ile ile, jimbo zima."

Nikaleta tatu. Mwanaidi alijaza yake haraka, kwa mwandiko wa hospitali. Hemedi aliuliza kama kuna mahali pa kuandika lori. Salum alipofika sehemu ya anwani aliandika namba ya nyumba, barabara na posta bila kuinua kalamu. Nikakumbuka kwamba ile ya kwangu, miaka yote, alikuwa akinipigia simu kuniuliza namba ya fleti.

Vuli ile Jumamosi ya kura ya mapema ikaja. Nilifanya kazi, nikarudi, mlangoni hapakuwa na viatu. Niligundua kuwa asubuhi, kabla ya kutoka, nilikuwa nimeloweka mchele wa watu wengi. Nikaupika wote. Nusu nikampelekea Mnigeria wa dukani, ng'ambo ya mstari, naye akaniuliza ni sikukuu gani. Nikamwambia uchaguzi.

Siku yenyewe ya uchaguzi Salum alinipigia simu usiku, kituo changu kikiwa kimekwisha kukabidhi mashine. "Kaka, karani wa huku ameshindwa jina langu kabisa. Ameliita mara tatu, kila mara mtu mwingine."

"Amekuuliza namna ya kulitamka?"

"Ameniuliza."

"Basi ni karani mzuri."

Kesho yake nilinunua gazeti. Siku hizo magazeti yalichapa matokeo ya bunge la jimbo wilaya kwa wilaya, herufi ndogo, namba ya wilaya, majina, kura, na alama ndogo kando ya mshindi. Kwa kawaida nilisoma wilaya yangu na zile zinazopakana nayo, nikalinganisha na ninavyokumbuka foleni za kituo changu. Mara hii wilaya yetu haikuwa na mbio. Mgombea alikuwa mmoja. Nikashuka na kidole safu nzima mpaka wilaya ya Carrollton. Sikuwajua wagombea wake. Sikujua barabara zake. Nikazitazama zile kura kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji, kwa sababu ndani yake mlikuwa na tatu za watu ninaojua wanapenda chai yao vipi.

Tangu hapo nilisoma gazeti la matokeo hivyo. Watu wetu walizidi kutawanyika, na mimi nikawa najua nani yumo katika namba ipi. Nawashauri na ninyi. Msiishie kwenye wilaya yenu.

Ilinichukua hadi majira ya kuchipua kuelewa kwamba barabara ile ina pande mbili. Sikuwahi kwenda Carrollton. Walikuwa wakinialika, nami nilikuwa nikisema nitakuja. Nikafungasha sweta, nikaendesha.

Salum alinionyesha mchicha kabla hajanionyesha nyumba. Adhuhuri ilipofika mikeka ilitandikwa sebuleni, Hemedi akiwa safarini, watoto wakiitwa kutoka juu kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza kwamba wanakuja. Nilisimama nyuma kama nilivyozoea. Salum akanishika bega akanisogeza mbele.

"Leo ongoza wewe, Kaka."

Nikasali mbili. Nikatoa salamu kulia, nikatoa salamu kushoto, kisha nikasema linalosemwa na msafiri. Nyuma yangu nikawasikia wanainuka, Salum, Mwanaidi na watoto, wakikamilisha zao, nami nikabaki nimeketi, nawasubiri.